Dobi na Bega la Gulamu

Alikuwa hamtazami mtu usoni mpaka amalize kulitazama shati lake. Ukimpa salamu aliitikia, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye kola, yakashuka begani, yakapita kwapani na kuishia kwenye kifungo cha mkono. Ndipo alipokuuliza habari za nyumbani. Wageni walidhani ni dharau. Sisi tuliokaa naye Temeke miaka mingi tulijua kwamba kwake yeye nguo ndiyo iliyosema, na mwenye nguo aliongezea tu.

Tulimwita Dobi. Mkewe alimwita Dobi, majirani walimwita Dobi, na hata msikitini, alikokuwa akikaa safu ya nyuma karibu na mlango, aliitwa Dobi. Jina lake nililisikia mara moja tu, na kwa kuwa mwenyewe hakulitumia, na mie silitumii.

Alifulia Mtoni, kwenye Mto Kizinga, mahali ambapo maji yanapinda na kuacha mawe mapana. Alikuwa na jiwe lake, na dobi mwingine akilikalia alisimama tu pembeni bila kusema kitu mpaka yule mtu aone haya na kuondoka. Alifua mashuka ya hoteli moja ya mjini, kaptura za maofisa wawili wa serikali, na nguo nyeupe za timu yetu ya kriketi.

Ni lazima niseme kidogo juu ya timu hiyo. Ilikuwa miaka ya baada ya Vita vya Pili. Wengi wetu tulikuwa vijana wa madukani, Wahindi wa Kishia ambao baba zetu waliuza sukari, mafuta ya taa na kanga hapo Temeke. Walikuwamo pia Waswahili watatu wa mtaani na karani mmoja Mgoa wa reli, ambaye ndiye aliyekuwa kepteni kwa sababu ndiye aliyekuwa na kitabu cha sheria za mchezo. Asiyeujua mchezo wenyewe anahitaji kujua jambo moja tu: mpira ni mgumu, wa ngozi, na wapigaji wawili hukimbia kubadilishana nafasi kati ya vijiti vya huku na vya kule. Mlinzi akiuokota mpira na kuurusha, vijiti vikaanguka kabla mkimbiaji hajafika, mkimbiaji ametoka. Kwa hiyo mtu anayejua kurusha haraka na kwa nguvu ana thamani kubwa. Mie nililinda ukingoni mwa uwanja, mbali kabisa, na mpira wangu ulikuwa haufiki. Ulidunda mara mbili, mara tatu, ukafika umechoka.

Jumamosi moja Dobi alikuja dukani kwetu na furushi kichwani. Akalitua, akalifungua, akatoa shati langu akalikunjua mbele ya wateja.

"Wewe ndiye mwenye hili?"

"Ndiye mie."

"Unarusha kwa mkono."

Nikacheka. "Sasa nirushe kwa nini, Dobi? Kwa mguu?"

"Eeh," akasema. "Kwa mguu."

Akaingiza kidole kwenye kwapa la kulia. Mshono ulikuwa umeachia, na chini ya mshono mpya yalionekana matundu ya sindano ya mishono miwili ya zamani. "Hapa mke wangu ameshona mara tatu mwaka huu. La kushoto hajaligusa. Na suruali yako hii," akaiinua, "safi kama ya mtu aliyekwenda kutazama. Mtu anayerusha sawasawa, ncha ya mguu wa kulia inaburura chini, upindo wa suruali unalika kwa mbele. Wako mzima. Maana yake miguu yako imesimama inangoja mkono umalize kazi."

Nilimuuliza kama amewahi kucheza kriketi. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kutembea uchi sokoni.

"Watu wazima kukimbiza mpira? Mie nina kazi." Akaanza kufunga furushi. "Njoo Mtoni Jumanne. Vua viatu."

Sijui kwa nini nilikwenda. Nafikiri ni kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenitazama kwa makini kiasi hicho.

Alinipa shuka la hoteli lililolowa maji na kuniambia nilipige kwenye jiwe. Shuka la kitanda kikubwa likishiba maji ni zito kama mtoto wa miaka mitano. Nililinyanyua kwa mikono, nikalipiga mara nane, mara tisa, na mara ya kumi mikono ilikataa. Yeye akalichukua. Alilipiga mara arobaini, nikihesabu, na kupumua kwake hakukubadilika. Kisha akalirudia polepole ili nione. Kwanza aligeuka ubavu, jiwe likawa mkono wake wa kushoto. Uzito wote ukakaa mguu wa kulia. Mguu wa kushoto ukapiga hatua kuelekea kwenye jiwe, na wakati huo shuka lilikuwa bado liko nyuma, limelala mgongoni mwake. Mguu ukakanyaga. Nyonga ikageuka. Kifua kikafuata nyonga. Bega likafuata kifua. Mwisho kabisa, wakati mwili mzima umeshafika, mikono ikaja na shuka likalia juu ya jiwe kama bunduki.

"Umeona mkono ulivyochelewa?" aliuliza.

"Nimeona."

"Mkono ndio wa mwisho kupata habari. Wewe wako unataka kuwa wa kwanza."

Nilikwenda Mtoni kila Jumanne kwa miezi minne. Nyumbani kwetu haikuwa desturi kumwamkia dobi. Dobi alikuja mlango wa uani, akapokea nguo na kuondoka. Lakini baada ya wiki kadhaa za kupiga mashuka nilimkuta dukani kwetu asubuhi, nikajikuta nimesema, "Shikamoo." Akaitikia, "Marahaba," bila kushangaa. Baba alinitazama juu ya miwani yake, akatazama mlango, akarudi kwenye mzani.

Mafundisho yake hayakuwa na mpangilio. Alisema neno akiwa anasuuza, lingine akiwa anatia kanji ya kukazia nguo, lingine alilikumbuka baada ya siku tatu akaja kulisema dukani mbele ya watu. Mkono wa kushoto usining'inie, alisema. Uutangulize kule unakorusha, kisha uuvute kifuani kama unafunga mlango, ndipo bega la kulia litafunguka. Kiwiko kisishuke chini ya bega. Vidole viwili juu ya mpira, si ngumi. Na ukishauachia mpira usiuzuie mkono. Uache upite, ushuke mpaka goti la pili. "Wanaoumia hawaumii kwa kurusha," alisema. "Wanaumia kwa kusimamisha. Mkokoteni ukiteremka kilima ukausimamisha ghafla, kinachovunjika ni mti wa kuvutia."

Juu ya haraka alikuwa na maneno yake mwenyewe. Mie nilidhani haraka ni kuzungusha mkono upesi. Yeye aliniambia haraka inapatikana kabla ya kuokota. Mtu anayekimbilia mpira ajue tayari miguu itakaa wapi, auokote akiwa amekwisha geuka ubavu, na mkono upande moja kwa moja mpaka sikioni bila kuzunguka kwanza huku na huku. "Mgeni siku ya kwanza, siku ya pili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Mpira usingoje hata siku ya pili. Ukifika, umeshapewa jembe."

Hayo aliyasema mtu ambaye hakuwahi kuugusa mpira wetu. Nilimpa siku moja aushike apime uzito. Akarudisha mikono nyuma. "Hiyo si kazi yangu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Alifanya nguo za watu kuwa nyeupe mpaka zikaumiza macho, na yeye mwenyewe alivaa shati moja la kaki lililobaki na vifungo viwili. Alichukia uongo, akaweza kugombana na muuza samaki kwa sababu ya "wa leo" aliyekuwa wa jana, lakini nguo za watu zikimchelewa alikuja dukani katikati ya Januari, lami ikiwa inayeyuka, akasema bila kupepesa macho, "Jua halikutoka." Alisema kriketi ni mchezo wa watu wasio na kazi, na hakukosa Jumapili hata moja. Alikuja akakaa mbali na watazamaji, juu ya furushi, mgongo umeelekea uwanja nusu, kama mtu aliyepumzika tu njiani. Jumatatu alijua kila kitu kilichotokea.

Mara moja nilimwona akirusha. Alikuwa ameanika mashuka ya hoteli juu ya nyasi, na mbuzi wa jirani akaingia, akaanza kutembea juu yake kama mkaguzi. Dobi alikuwa amechutama kwenye jiwe. Akaokota kifuu cha nazi, akainuka, na kabla hajasimama wima kifuu kilikuwa kimeshaondoka. Kilikwenda chini chini, kikampata mbuzi ubavuni umbali wa hatua arobaini. Mbuzi akaruka, akakimbia.

"Umeona nini?" aliniuliza.

"Mbuzi amekimbia."

"Basi hukuona kitu."

Ilikuwa kweli. Nililiona jambo lenyewe baadaye, njiani nikirudi nyumbani. Hakuwa ameinua mkono. Kifuu kilitoka usawa wa nyonga, mkono umelala pembeni. Nikakumbuka kwamba hata akipiga shuka, mikono yake haikupanda juu ya kichwa kama ya madobi wengine. Ni kiwiliwili kilichokuwa kikiinama kuipa nafasi. Nikamuuliza mkewe, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini aliyeshona nguo zetu zilizochanika.

"Bega lile?" alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Tangu anioe halipandi. Hata kanzu ya Idi mie ndo namvalisha."

"Liliumia vipi?"

"Mie aliniambia alianguka mnazini. Kaka yangu aliambiwa ni magunia ya bandarini. Shehe aliambiwa kazaliwa nalo." Akakata uzi kwa meno. "Usimuulize, mwanangu. Utapata la nne."

Kwa hiyo ndivyo alivyojua. Mtu mwenye mkono mzima huumaliza mkono kwanza, ndipo aanze kuwaza miguu. Yeye alianzia miguuni kwa sababu hakuwa na pengine pa kuanzia. Sikumwambia kwamba najua, na nadhani alijua kwamba najua.

Sasa nifike kwa Gulamu.

Gulamu alikuwa rafiki yangu tangu utotoni, na duka la baba yake lilitazamana na letu. Alikuwa na mkono ambao Mungu humpa mtu mmoja katika mtaa. Hakuhitaji kugeuka ubavu wala kupanga miguu. Alisimama kifua mbele, akaupiga mkono kama mjeledi, na mpira ukafika kwa mlinda vijiti ukipiga mluzi. Watu walikuja kutazama mazoezi kwa ajili yake tu. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa ukingoni wa kwanza. Mie nilikuwa wa akiba, niliyeingia mtu akiugua au akienda arusini. Alijua kwamba ninakwenda Mtoni na alinicheka bila ubaya. "Leo umefua mangapi?" aliniuliza kila Jumanne jioni.

Dobi hakumsifu hata mara moja. Mashati ya Gulamu aliyaweka pembeni, akayatazama zaidi ya mengine. Siku moja alinionyesha mojawapo. Kwapa lilikuwa zima, kwa kuwa mama yake Gulamu alimshonea mashati mapana. Lakini nyuma ya bega, pale mkono unapoungana na mgongo, kitambaa kilikuwa kimekuwa chepesi kama karatasi ya sigara, na uzi umeanza kuvutika.

"Anausimamisha," Dobi alisema. "Akishaachia, anausimamisha hapohapo. Kila kitu anachokirusha kinarudi kumvuta hapa. Huyu ana mkono mzuri na breki mbaya."

Hiyo ilikuwa mwezi mzima kabla ya mechi na timu ya mjini. Timu hiyo ilikuwa na uwanja wa majani, viatu vya miiba na chai ya saa kumi, na haikuwa imekubali kucheza na sisi hata mara moja. Safari hii walikubali, wakasema watakuja wenyewe Kinondoni, kwenye kiwanja kisichokuwa chetu wala chao. Temeke nzima ilijua. Kepteni alianza kuvaa tai.

Ijumaa ya mwisho Dobi alileta nguo. Aliniita nje ya duka, uani, penye mapipa.

"Rafiki yako anaumwa," alisema.

"Nani, Gulamu? Jana tumefanya naye mazoezi."

"Amefunga vifungo kwa mkono wa kushoto wiki hii. Vyote vimevutwa upande mwingine. Shati la juzi lina mafuta ya mchaichai begani, amejaribu kuyafuta kwa maji. Hataki mtu ajue." Akatazama mlango wa uani. "Akirusha keshokutwa kutoka mbali, litakwenda. Mwambie. Au mwambie kepteni wenu."

"Nitamwambia," nikasema.

Alinitazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi. Kisha akachukua furushi lake.

Sikumwambia. Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafutia jambo hili maneno, na maneno yaliyobaki ni machache. Kama Gulamu angekaa nje, anayeingia ni mimi. Nilijiona nikisimama mbele ya kepteni nikisema, "Gulamu anaumwa," na kepteni akinitazama, na wote wakifikiri: huyu amengoja siku yake. Nilimwona Gulamu mwenyewe akiuliza, "Nani kakwambia? Dobi?" na kucheka. Nikajiambia kwamba mtu muungwana hajipendekezi kwa ugonjwa wa mwenzake. Jumamosi nilikunywa naye chai mara mbili. Nilimwona akishika kikombe kwa mkono wa kushoto. Tulizungumza habari za viatu.

Jumapili tulikwenda Kinondoni kwa lori la baba yake Gulamu. Mechi ilikuwa nzuri, na sitaisimulia yote. Baada ya chakula cha mchana mpigaji wao mkubwa aliupiga mpira mbali, ukapita walinzi wote, ukawa unakwenda ukingoni. Gulamu aliukimbilia. Mpigaji alikuwa na nafasi ya kukimbia mara mbili salama, akataka ya tatu. Gulamu akaokota, akasimama kifua mbele, akarusha. Ulikwenda bila kugusa chini. Vijiti viliruka mpigaji akiwa bado hatua tatu nyuma. Watu wa Temeke walipiga kelele mpaka mbwa wakajibu.

Gulamu hakupiga kelele. Alikaa chini. Alikuwa ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kwa uangalifu, kama ameshika mtoto wa mtu mwingine.

Nikaingia badala yake. Kabla ya saa kumi mpira mwingine ulikuja upande ule ule. Sikufikiri neno. Miguu ilikwenda yenyewe. Nilipoinama nilikuwa nimekwisha geuka, mguu wa kushoto ukakanyaga, nyonga ikatangulia, na mkono ulikuja mwisho kama mtu aliyeitwa. Ulikuwa mpira bora niliorusha maishani mwangu. Mtu wao wa mwisho alitoka. Tukashinda. Walinibeba. Nilipokuwa juu ya mabega yao niliuona uwanja wote, na ng'ambo yake nikamwona Dobi, amesimama, furushi liko chini. Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama lori, ambako Gulamu alilazwa juu ya magunia.

Jumatatu alikuja kuchukua nguo. Alipokea shati langu, akaligeuza. Kwapa lilikuwa zima. Upindo wa suruali, mguu wa kulia, ulikuwa umelika kwa mbele. Akakunja vyote viwili.

"Ulimwambia?"

"Sikumwambia."

Akaitikia kwa kichwa. Akaweka nguo kwenye furushi, akafunga fundo, akalijaribu kama limekaza. Kuanzia siku hiyo alifua nguo zetu kama kawaida, akaitikia shikamoo yangu kama kawaida, na hakusema nami tena neno lolote juu ya kurusha. Nilikwenda Mtoni Jumanne moja baadaye. Alikuwa ameweka mashuka mawili juu ya jiwe, moja huku na moja kule, pasiwe na nafasi ya mtu wa pili. Nikarudi.

Gulamu alipelekwa hospitali, akapelekwa na kwa mkandaji wa Mbagala. Maumivu yaliisha baada ya mwaka. Mkono haukupanda tena juu ya kifua. Baba yake alipofariki akashika duka, na seremala akaja kuteremsha rafu zote mpaka usawa wa kiuno. Nilikuwa ng'ambo ya barabara nikisikia nyundo. Hakulalamika. Alioa, akanenepa kidogo, akawa na mizaha ileile. Kila alasiri tulikunywa chai pamoja, dukani kwake au kwangu. Mie niliacha kriketi msimu uleule. Watu walisema ni uaminifu kwa rafiki, na sikuwasahihisha.

Jambo moja la Dobi la wakati huo nililijua kwa kuchungulia tu. Asubuhi za Jumatatu, akichukua nguo kwa Gulamu, alikaa zaidi ya ilivyohitajika. Niliona kupitia mlangoni akimwonyesha namna ya kunyanyua debe la mafuta kwa magoti na nyonga, mkono ukiwa ndoano tu. Gulamu alijifunza vizuri. Hakucheka.

Mkewe Dobi alifariki, na miaka michache kabla ya uhuru Dobi akahama. Wengine walisema yuko Pugu kwa mpwa wake. Hakuaga, au labda aliaga na sisi hatukuelewa, kwa sababu Jumatatu ya mwisho alileta nguo zote, hata zile zisizokuwa zimekauka.

Miaka kadhaa baadaye nilimkuta Pugu nilipokwenda kupeleka bidhaa kwa muuza duka mmoja wa huko. Ilikuwa asubuhi. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya udongo, amepungua, macho yamefunikwa na ukungu mweupe. Nilisimama mbele yake. Hakunijua, kwa sababu shati langu hakuweza kuliona.

"Shikamoo, Dobi."

Akainua kichwa. "Marahaba. Wewe ni wa duka la Temeke. Yule wa Jumanne."

Nikakaa. Tuliulizana habari. Kisha nikasema kitu ambacho sikuwa nimekuja kukisema. Nikamwambia kwamba sijapata kumwomba radhi. Alinituma jambo, nikalikalia, na mtu akapoteza mkono.

Mpwa wake alileta kahawa, akaondoka.

"Duka la Gulamu," alisema, "nilipita kila Jumatatu. Na Jumamosi. Ijumaa ile pia nilipita. Kabla ya kuja kwako nilitoka kwake."

"Najua, ulipeleka nguo."

"Nilimpa nguo mkononi. Nilisimama naye, mie na yeye, hakuna mteja. Nilikuwa na mdomo." Akageuza kikombe mkononi. "Nikasema moyoni, nikimwambia mie atacheka. Atasema, dobi anafundisha watu mpira. Nikaona heri nikutume wewe, asinicheke mimi. Kisha nikakununia wewe miaka yote hiyo."

Nilikuwa nimezoea kubeba kosa peke yangu, na sikujua nifanye nini na nusu yake.

"Yeye anajua?" aliuliza.

"Hajui. Hajui kama tulijua."

"Una gari?"

"Nina lori, dereva ananingoja."

Akaanza kuinuka. Akaweka miguu sawa kwanza, akainama mbele, nyonga ikapanda, kiwiliwili kikafuata. Nilinyoosha mkono nimsaidie, hakuuhitaji. "Twende basi," alisema.

Tulifika Temeke saa nne. Duka la Gulamu lilikuwa limejaa. Gulamu alipomwona Dobi alifurahi, akapaza sauti aletewe kiti. Dobi alikataa kiti. Alisimama mbele ya kaunta, akasema mbele ya watu wote, kwa sauti ileile aliyotumia kusema jua halikutoka, kwamba Ijumaa kabla ya mechi ya Kinondoni alilijua bega la Gulamu litakwenda, na kwamba hakumwambia kwa kuogopa kuchekwa. Nami nikasema sehemu yangu. Ilitoka fupi kuliko nilivyodhani.

Gulamu alikuwa anapima sukari. Aliendelea kupima. Akaifunga karatasi kwa mkono wa kushoto, akampa mwanamke aliyekuwa akingoja, akamwuliza kama mtoto wake mwenye homa amepata nafuu. Akamhudumia wa pili, wa tatu, wa nne. Mteja wa mwisho alipotoka, Gulamu alizunguka kaunta, akaenda mlangoni, akavuta ubao mmoja wa mlango, kisha wa pili, akaweka komeo. Ilikuwa saa nne na nusu asubuhi, na duka lile halikuwahi kufungwa mchana tangu siku ya mazishi ya baba yake. Akaleta viti vitatu, kimoja kimoja, akiviegemeza kwenye nyonga. Akakaa.

"Haya," alisema. "Anzeni tena. Polepole, na msiache kitu."